Besdei ya muvi nyuma ya nyumba msimu wa majani kupukutika, mwongozo kamili kwa wenye watoto wadogo

Kabla hujafikiria keki, kabla ya maputo, kabla hujamtumia mzazi yeyote mwaliko, shika simu ucheki siku ya sherehe jua linazama saa ngapi. Kila kitu kinaanzia hapo. Projekta haishindani na jua hata iwe ya bei gani, na mtoto wa miaka 5 hawezi kusubiri giza mpaka saa 3 usiku, atakuwa ameshalala au ameshaanza kulia. Ndo maana huu msimu wa majani kupukutika (Septemba mpaka Novemba kwa walio kaskazini mwa dunia, Machi mpaka Mei kwa walio kusini) naona ni mzuri kuliko yote kwa hii kitu, giza linawahi kuingia watoto wakiwa bado wachangamfu, na baridi haijafikia ile ya kukimbiza watu ndani.

Kitu cha pili ambacho nataka ukishike kabla hatujaenda mbali, watoto wadogo hawaji kuangalia muvi, wanakuja kucheza. Mwanangu alipofikisha miaka 5 nilipanga muvi ya saa 1 na nusu, nikapamba uwani vizuri kabisa, kufika dakika ya 20 nusu ya watoto wanakimbizana nyuma ya skrini, mmoja kashalala, mwingine anamlilia mama yake. Mwaka uliofuata tukageuza, watoto wenyewe ndo wakawa waigizaji, tukawashuti jioni kabla jua halijazama, wakati wanakula mtu mzima mmoja akaunganisha vipande, na giza lilipoingia wakajiona kwenye skrini kubwa. Walipiga kelele mpaka ikabidi tuirudie mara nne. Kwa hiyo mwongozo wote huu umejengwa hivyo, muvi yao ya dakika 3 kwanza, halafu filamu fupi ya dakika 20, halafu nyumbani kulala.

Kupanga saa

Unahesabu kurudi nyuma kutoka machweo. Tuseme jua linazama saa 12 na nusu jioni. Giza la kutosha kwa projekta ya kawaida linakuja kama dakika 30 hadi 40 baadaye, kwa hiyo muvi isianze kabla ya saa 1 na dakika 10. Lisaa limoja kabla ya machweo mwanga unakuwa ule wa dhahabu, jua liko chini, vivuli virefu, majani yanawaka rangi, hata simu ya kawaida inatoa picha nzuri, kwa hiyo kushuti ni saa 11 na nusu mpaka saa 12 na robo. Wageni wafike saa 10 na nusu, hiyo inakupa saa nzima ya wao kuzoeana, kuvaa na kuchezacheza kabla ya kazi. Watoto waanze kuchukuliwa saa 2 kasoro robo. Jumla ni masaa matatu na robo, ni mengi kidogo kwa wa miaka 3 na 4, hao waambie wazazi wao wawalete saa 11.

Angalia machweo ya tarehe yenyewe, sio ya leo unapopanga. Maeneo mengi yenye msimu huu jua linawahi kuzama kwa karibu dakika 2 kila siku, ndani ya wiki mbili ni karibu nusu saa imepotea. Na kuna kubadilisha saa, nchi nyingi za Ulaya zinarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani sehemu kubwa ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, sherehe ikiangukia baada ya hapo ratiba yako yote inasogea lisaa.

Watoto wangapi na mwaliko useme nini

Nane mpaka kumi, usizidishe. Sababu sio nafasi wala chakula, sababu ni kwamba kila mtoto lazima aonekane kwenye muvi na aseme neno lake, na muda wa mwanga mzuri ni dakika 45 tu, ukiwa na watoto 20 kuna ambao watakosa na siku hiyo hiyo utawaona nyuso zimeshuka wakati wenzao wanajiona. Watu wazima angalau mmoja kwa kila watoto watatu au wanne kama wako chini ya miaka 5, mmoja kwa watano kama ni wa 5 hadi 7. Hapo simhesabu anayeshuti wala anayeunganisha vipande, hao wana kazi zao.

Mwaliko uutengeneze kama tiketi ya sinema, hilo kila mtu analijua, ila cha muhimu ni yaliyoandikwa nyuma yake. Andika kwamba tutakuwa nje mpaka giza kwa hiyo mtoto aje na sweta, koti, kofia, soksi nene na viatu vya kufunika, na kama anavaa kostyumu iwe pana ya kuvalika juu ya sweta. Andika aje na blanketi lake. Uliza mzio wa chakula. Na uliza ruhusa ya kumrekodi, sema wazi muvi itatumwa kwa wazazi waliokuja tu na haitapandishwa mtandaoni. Mzazi akisema hapana usimtenge mtoto, mpe kazi ya kupiga kibao cha "ekshen!" au sauti yake tu isikike, naye atajisikia ni sehemu ya muvi.

Stori ya muvi

Usiandike skripti. Mtoto wa miaka 4 hakariri. Wewe kaa na mwenye besdei wiki moja kabla umuulize maswali matatu: steringi ni nani, kitu gani kimepotea, nani kakichukua. Basi. Mwanangu alisema keki imeibiwa na joka la majani na wanaanga wanaitafuta, ikawa ndo hiyo, joka lilikuwa baba yake kavaa shuka lililobandikwa majani makavu. Stori ya kutafuta kitu inafanya kazi vizuri kwa sababu kila mtoto anaingia vile alivyovaa, awe simba awe daktari awe malkia, wote wanatafuta, huhitaji kumwambia mtu abadilishe kostyumu yake.

Gawanya hiyo stori kwenye sini saba au nane, kila moja sekunde 5 hadi 10, uandike kwenye karatasi moja. Chini yake andika majina ya watoto wote uwe unaweka tiki kila aliyesema neno lake. Hiyo karatasi ndo itakayokuokoa pale kelele zitakapoanza.

Magari ya maboksi

Badala ya viti tumia maboksi. Tarehe 6 Juni 1933 huko Camden, New Jersey, jamaa anaitwa Richard Hollingshead alifungua sinema ambayo watu wanaangalia wakiwa ndani ya magari yao, na mpaka leo sinema za namna hiyo zipo. Watoto unawafanyia ya kwao. Boksi kubwa ambalo mtoto anakaa na kunyoosha miguu kidogo, kama sentimita 60 kwa 45, unakata vifuniko vya juu, sahani nne za karatasi zinakuwa matairi, sahani ya tano usukani, vikombe viwili vya karatasi taa za mbele.

Faida yake sio kupendeza tu. Boksi linazuia upepo, linamtenga na ardhi ya baridi, na kila mtoto anakuwa na sehemu yake kwa hiyo ugomvi wa "kaniziba" na "kakaa kwangu" unapungua sana. Kata maboksi yote siku moja kabla, visu na mikasi mikubwa visiwepo watoto wakifika, wao waachie kupamba tu. Na usiwape rangi ya maji, msimu huu jioni hewa ni baridi na ina unyevu, haikauki, utaishia na makoti yamechafuka, wape stika na maka peni. Kwa wale warefu au wasiopenda kubanwa weka mito nyuma.

Skrini, projekta, sauti na umeme

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hiyo naenda taratibu.

Skrini haihitaji kununuliwa. Ukuta mweupe au wa rangi hafifu usio na mikwaruzo ni skrini bora kuliko kitambaa, maana hautikisiki. Kama huna ukuta, shuka jeupe zito lililopigwa pasi, livutwe pande zote nne mpaka likaze, lifungwe juu na chini, kamba ya juu peke yake haitoshi maana upepo mdogo tu picha inacheza na macho yanauma. Shuka ni kama tanga la jahazi, likishika upepo linaangusha nguzo, kwa hiyo nguzo zishikwe na mifuko ya mchanga au madumu ya maji, na ukiona matawi ya miti yanayumba muda wote achana na shuka kabisa, rudi ukutani.

Ukubwa, kwa watoto kumi picha ya upana wa mita 2 inatosha kabisa. Upana ukiwa mita 2 kimo chake ni kama mita 1.1 kwa muvi nyingi za sasa. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya ardhi kama sentimita 70 ili vichwa vya mbele visizibe wa nyuma. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha, yani upana wa mita 2 uiweke mita 3 kutoka kwenye skrini, ila zinatofautiana kwa hiyo pima yako. Tatizo la mita 3 ni kwamba iko katikati ya watoto, watapita mbele ya mwanga na wengine wataichungulia ndani ya lenzi na ule mwanga ni mkali kwa macho. Iweke juu ya meza ndefu ambayo watoto hawafiki, au kama kitambaa chako ni chepesi iweke nyuma ya skrini na kwenye setingi uchague kugeuza picha, hapo hakuna wa kupita mbele wala nini.

Mwangaza unapimwa kwa lumeni, tafuta iliyoandikwa lumeni za ANSI, yani zilizopimwa kwa kiwango kinachotambulika, 2000 kwenda juu itakupa picha nzuri giza likiingia. Projekta za bei nafuu huandikwa namba kubwa ambazo sio za ANSI, usizilinganishe. Kama unaazima au kukodi, ichukue siku mbili kabla, sio asubuhi ya sherehe.

Sauti ya ndani ya projekta nje haisikiki, unahitaji spika ya pembeni, na ikae karibu na skrini ili sauti itokee kwenye picha. Waya ni bora kuliko Bluetooth, maana Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti, midomo inaongea kabla ya maneno, na kwenye muvi ambayo watoto wanajiona wenyewe hilo wanaligundua haraka.

Sasa sikiliza hapa. Fanya jaribio kamili usiku mmoja kabla, nje, gizani, na kifaa kile kile, kebo ile ile, filamu ile ile. Apu nyingi za kuangalia muvi zinakataa kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye projekta, unapata sauti na skrini nyeusi. Wi-Fi inayokamata sebuleni inaweza isifike uwani. Pakua filamu mapema, zima meseji na arifa zote, zima ile ya laptopu kulala yenyewe, na usikubali laptopu ifanye apdeti siku hiyo.

Ekstensheni iwe ya kutumika nje. Ifungue yote, usiiache imezungushwa kwenye roli yake maana waya uliojizungusha unapata joto ukibeba umeme mwingi. Ipitishe kandokando ya ukuta au uzio, sio katikati ya njia ya watoto, na sehemu zinapoungana zinyanyuliwe juu ya ardhi na zifunikwe zisipate umande. Soketi unayotumia iwe na kile kikata umeme cha usalama kinachojizima hitilafu ikitokea. Mvua ikianza hata ya rasharasha, unazima kwenye soketi ya ukutani kwanza ndo unagusa vingine.

Umande wenyewe usiudharau. Msimu huu ukifika usiku kila kitu kinalowa kimya kimya, kwa hiyo projekta ikae chini ya mwavuli mkubwa au kwenye boksi lililo wazi mbele, nyuma na pembeni, usizibe matundu yake ya hewa.

Kushuti

Simu moja, imelazwa, imewekwa kwenye stendi au imeegemezwa juu ya kiti. Jua liwe nyuma ya anayeshuti au pembeni yake. Chaji fulu na nafasi ya kutosha kwenye memori, futa video za zamani siku moja kabla.

Anza na sini ambayo wote wapo, kwa mfano wote wanakimbia kuelekea kwenye simu wakipiga kelele "keki yetu iko wapi!", hiyo inawatoa aibu. Halafu mmoja mmoja, wewe unasema neno na yeye analirudia, usimlazimishe anayeona haya, mshuti akiwa anatazama tu juu ya mti, ukiunganisha itaonekana kama anatafuta. Steringi wa siku asiwe wa kwanza kushutiwa, mweke katikati maana wa kwanza huwa wanavurunda vurunda na ni besdei yake.

Halafu zipo sini za majani, na hapa ndo msimu wenyewe unakufanyia kazi. Kusanya rundo kubwa la majani makavu siku hiyo hiyo mchana, lipekue kwa reki, toa vijiti vyenye ncha, mawe, vigae, kinyesi cha wanyama, na usitumie rundo lililokaa siku nyingi maana wadudu na wanyama wadogo wanapenda kujificha humo. Waruke mmoja mmoja, sio wawili kwa pamoja, vichwa vinagongana. Shuti kwa slomoshen wakirusha majani juu jua likiwa nyuma ya majani, ni picha ambayo wazazi watakuomba. Na ile video ya kurusha majani ukiigeuza iende kinyumenyume, majani yanatoka chini yanaruka kuingia mikononi mwao, kwa mtoto wa miaka 6 huo ni uchawi kabisa.

Uchawi mwingine ni wa kumpoteza mtu. Simu isitikisike, mtoto kasimama, unasema "ganda!", unasimamisha kurekodi, mtoto anatoka, wenzake wamebaki pale pale, unaendelea kurekodi. Ukiunganisha anapotea papo hapo. Georges Méliès, Mfaransa aliyekuwa mtu wa mazingaombwe jukwaani, alikuwa akitumia ujanja huo kwenye filamu zake tangu 1896, na mpaka leo haujachuja. Wafanyie wote wanaotaka, ila umebaki na dakika chache za mwanga kwa hiyo tiki kwanza majina kwenye karatasi yako.

Saa 12 na robo simamisha, hata kama sini moja imebaki. Anayeunganisha anahitaji lisaa lake. Jina la muvi na majina ya waigizaji ya mwishoni ayaandae siku moja kabla kwenye apu, hiyo siku anaingiza klipu tu, anakata, anaweka muziki, na asizidishe dakika 3. Majina yote yawepo na yameandikwa sawasawa, soma mara mbili, mtoto anayejifunza kusoma jina lake anaanza kulitafuta. Na njia ya kuhamisha video kutoka simu kwenda laptopu muwe mmeijaribu jana yake.

Chakula

Watoto wale chakula cha kushibisha kabla ya giza, cha moto, cha kushika kwa mkono au cha kwenye bakuli, supu kwenye vikombe vyenye mikono inafaa sana kwa baridi hiyo. Vinywaji viwe vuguvugu, sio vya moto, na viwe kwenye vikombe vyenye vifuniko maana wanavishika gizani wakiwa kwenye maboksi.

Bisi, au popkoni kama wengi wanavyoziita, bila hizo sinema haijakamilika, lakini mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe. Madaktari wa watoto wanazikataza kwa umri huo kwa sababu zinaweza kumkaba, na gizani akicheka huku mdomo umejaa hutamuona mapema. Vivyo hivyo karanga nzima na pipi ngumu. Zabibu kata kwa urefu vipande vinne. Wape wadogo kitu laini kinachoyeyuka mdomoni, kwenye mfuko wa karatasi unaofanana na wa kaka zao na dada zao, wasijione wamebaguliwa. Kila mtoto na mfuko wake mdogo wenye jina, bakuli la pamoja gizani ni kumwagika tu.

Keki ikatwe wakati wa magharibi, kabla ya muvi. Giza linaanza, mishumaa inaonekana vizuri, na kwenye stori yetu keki ndo ilikuwa imepotea kwa hiyo inatokea kwa mikono ya lile joka, kelele zake sikwambii. Upepo utazima mishumaa, mtu mmoja akinge kwa kadibodi. Nywele na mikono mirefu ya kostyumu iwe mbali na moto, nguo nyingi za namna hiyo zinashika moto haraka.

Baridi na usalama wa gizani

Chini kabisa turubai, juu yake kadibodi bapa, juu yake mablanketi. Kadibodi ndo inayofanya kazi kubwa, baridi ya ardhi inapanda kupitia blanketi hata likiwa zito. Kwa watoto wa umri huu mi sishauri kuwasha moto wa wazi uwani, kuna majani makavu kila sehemu na watoto wamevaa kostyumu. Ukiamua kuwasha, safisha majani yote kuzunguka, weka mstari wa mita 3 ambao mtoto havuki, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe moto tu. Jiko la mkaa au hita ya gesi usiingize kamwe ndani ya hema, hata kama umeacha mlango wazi, ile hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Zunguka uwani mchana ukiwa umechuchumaa usawa wa macho ya mtoto. Bwawa, shimo, reki, majembe, geti lisilofungika. Kamba na vigingi vya skrini vifunge utepe mweupe. Njia ya kwenda chooni iwe na taa. Hizo taa ndogo za urembo na mishumaa ya bandia nyingi zinatumia betri bapa kama kitufe, hakikisha kifuniko kimefungwa kwa skrubu, mtoto akimeza ile betri inaanza kuunguza koo ndani ya masaa mawili tu, ukihisi kameza ni hospitali moja kwa moja hata kama hana dalili. Vipande vya maputo yaliyopasuka okota papo hapo.

Na hesabu watoto kila mnapohama, kutoka majani kwenda mezani, mezani kwenda chooni, chooni kwenda kwenye magari. Kwa sauti, mmoja, wawili, watatu.

Mvua ikinyesha

Amua asubuhi, sio saa 10 jioni. Sebule au gereji, maboksi yale yale, skrini ukutani, pazia limefungwa, na ndani huhitaji kusubiri giza sana. Majani yaingize ndani mapema kwenye mifuko, yakauke, sini ya kurusha inafanyika sebuleni na unafagia baadaye.

Siku yenyewe, kwa mfano wetu wa machweo saa 12 na nusu

- Saa 8 mchana: skrini, waya, spika, turubai. Majani yakusanywe.
- Saa 10 na nusu: wanafika, tiketi zinachanwa mlangoni, wanapamba magari na kuvaa.
- Saa 11 na nusu: kushuti. Hakuna chakula wala zawadi hapo katikati.
- Saa 12 na robo: kunawa mikono na kula, mwenye kuediti ameshajifungia ndani.
- Saa 12 na dakika 50: keki.
- Saa 1 kamili: choo, wote hata wasiojisikia. Makoti na kofia.
- Saa 1 na dakika 5: projekta inawashwa bila picha, ule mwanga mweupe, na watoto wanacheza vivuli vya mikono, ndege, mbwa, sungura. Hii imeokoa sherehe zangu zaidi ya mara moja, editi ikichelewa dakika 10 hakuna anayejua.
- Saa 1 na robo: muvi yao. Halafu tena. Halafu tena.
- Saa 1 na dakika 25: filamu fupi, anayetaka kuendelea kucheza na tochi pembeni aachwe.
- Saa 2 kasoro robo: taa zinawashwa, wazazi wanaanza kuchukua, kila mtoto anaondoka na gari lake.

Hiyo filamu fupi uiangalie yote mwenyewe kabla, mpaka mwisho, hata kama imeandikwa ni ya watoto. Kitu kinachotisha kidogo sebuleni mchana, nje gizani miti ikiyumba kinatisha mara mbili. Chagua yenye maneno machache, rangi nyingi, na isiyo na mzazi anayepotea au kufa. Ukionyesha familia na marafiki nyumbani kwako kwa kawaida haina shida, ila ukiita mtaa mzima au ukatoza kiingilio hapo unaingia kwenye mambo ya hakimiliki. Majirani waambie mapema kutakuwa na kelele mpaka saa 2.

Usiku huo huo kabla hujachoka kabisa tuma ile muvi kwa wazazi, kesho utasahau. Turubai na mablanketi yatandazwe yakauke, yakikunjwa na umande yanaota ukungu. Projekta ikitoka kwenye baridi usiiwashe ndani ya nyumba yenye joto papo hapo, iache kwenye begi lake lililofungwa kama saa moja au mbili, maana unyevu unaganda kwenye lenzi na ndani kwenye mitambo, na kama ni ya kuazima rudisha ikiwa kavu pamoja na kebo zake zote.